Aliyeifungua Mashine Yangu

Muyeye, Malindi
Jumatano

Kwa kaka yangu Abdulqadir,

Assalaam alaykum. Kwanza nakuamkia, shikamoo, na natumai barua hii itakukuta mzima wewe, wifi Zainab na wanao wote hapo Kilifi. Goti la wifi linaendeleaje? Mwambie yale mafuta asiyaache eti kwa kuwa yananuka. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila joto limetushika na usingizi wangu umekuwa haba.

Barua yako nimeipata. Umesema Njenga, jirani yako wa Kibarani, anataka kumwajiri Musembi katika duka lake la kompyuta, lakini amesikia kwamba kwangu alitoka na jina la wizi. Unataka nikuandikie niliyoyaona kwa macho yangu, umpelekee Njenga kitu cha kushika mkononi, si maneno ya njiani. Musembi ana watoto wanne na huu ni mwezi wa pili yuko huko kwenu hana kazi, kwa hivyo haraka yako naielewa. Basi nisome mpaka mwisho, wala usinikasirikie katikati.

Wanijua, mimi si mtu wa kuamini upesi. Karatasi za kuchapia nazihesabu asubuhi na jioni. Musembi amekaa nami dukani miaka sita, akichapa barua za watu na kutengeneza mashine, na miaka yote sita jicho langu halikumtoka. Mtu wa bara, mpole, hajibu, hachelewi. Nikawa najiuliza, mpole hivi anaficha nini?

Mwanzo wa mwaka ile kompyuta kubwa ya mezani ikaanza vituko. Kila tukiiwasha asubuhi inasema leo ni tarehe mosi Januari, mwaka 2012, na haitaki kuendelea. Kwa tarehe hiyo kurasa za fomu za mtandaoni hazifunguki, na wateja wangu wengi ni wa fomu. Musembi alikuwa akiiwasha huku anabonyeza kitufe cha Delete mara nyingi nyingi, unatokea ukurasa wa buluu usio na picha. Hapo anaandika saa na tarehe, anaipanga diski yetu iwe ya kwanza, kisha anabonyeza F10 kuhifadhi, na mashine inaamka. Nikamuuliza ukurasa ule ni wa nini. Akasema ni mipangilio ya mashine yenyewe, kabla haijaanza kazi. Nikamuuliza mbona inasahau kila siku. Akasema tunazima umeme ukutani kila jioni, kama nilivyoamuru mwenyewe kwa kuogopa moto, na betri ya ndani imechoka. Ehe! Kitu kimechomekwa ukutani, betri ya nini? Ni redio hiyo? Nikaona wazi huyu ananitengenezea ugonjwa ili nisiweze kuishi bila yeye.

Siku moja akaniambia ameweka betri mpya. Na kweli, kesho yake tarehe ilikuwa sawa, na kwa wiki mbili nzima mashine haikusumbua. Wewe ungefurahi. Mimi nilizidi kumshuku. Mbona imetulia ghafla? Ameweka nini mle ndani? Vitambulisho na hati za mashamba za watu vinapita kwenye mashine ile, na huku kwetu hati ya shamba si kitu cha kuchezewa.

Jumatatu moja asubuhi tukaiwasha, imerudi 2012, na safari hii diski haioni kabisa. Abigael, binti wa mlango wa pili, alikuwa amekuja kutuma maombi ya chuo cha uuguzi na ilikuwa siku ya mwisho. Alikimbilia duka jingine analia, akawahi kwa bahati. Watu walikuwa wamejaa. Nikapandwa na hasira, nikasema mbele ya wote kwamba namwendea maalim Mahadhi isomwe Halbadiri, kile kisomo cha kuapiza, na aliyeichezea mashine yangu imshukie. Musembi alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa mashine, akatuita tuangalie. Pale pa betri palikuwa patupu.

"Bi Hafidha," akasema, "kuna mtu ameitoa. Na ufunguo wa duka tunao sisi wawili tu."

Watu wote wakamtazama yeye.

Ikasomwa Ijumaa baada ya Laasiri, pale pale dukani, ubani unafuka na majirani wamejaa hadi nje. Nilidhani Musembi hatakuja, kwa kuwa ni Mkristo na watu walishamhukumu. Alikuja, amevaa shati lake la kanisani. Maalim alipomwomba Mungu amfichue aliyeitoa betri, Musembi aliitikia amina kwa sauti. Nami nikaitikia. Halafu akaweka ufunguo mezani, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Wakasema amekimbia kwa hofu. Sikuwakanusha.

Sasa kaka, kaa kitako. Betri niliitoa mimi. Jumapili ile, Musembi akiwa kanisani, niliifungua mashine kwa kisu cha jikoni, huenda nikalegeza na waya wa diski, nikaona kitu cha duara kinang'aa mfano wa shilingi. Nikasema, leo nimekupata. Nikakikongoa ili nikamwonyeshe fundi mwingine anieleze ni mtego gani. Sikujua kuwa ndiyo betri yenyewe. Nilijua pale Musembi alipotuita tuangalie, nayo imo ndani ya mkoba wangu begani, na Halbadiri nimeshaitamka mbele za watu. Nikaona haya. Kwa haya hiyo nikamwacha mtu abebe jina la mwizi, nikajiitikia amina mwenyewe.

Juzi nikitafuta wino kwenye meza yake nimekuta karatasi ya mwandiko wake, ya mwezi wa kwanza, imeandikwa juu "Bi Hafidha, nikikosekana", na chini yake hatua zote, kutoka kile kitufe cha mwanzo mpaka F10. Nimelia, sikufichi.

Maalim nimeshamwambia. Akasema nisimame Ijumaa hii mbele ya watu wale wale niseme. Naogopa, lakini nitasimama. Wewe mpe Njenga barua hii yote, usimpunguzie hata ukurasa mmoja kwa kunisitiri. Na ukimwona Musembi usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Nitakuja Kilifi Jumamosi niuombe mwenyewe, akikataa ni haki yake.

Wifi Zainab nisalimie sana, na watoto wabusu mmoja mmoja. Mungu awahifadhi nyote.

Ni mimi dadako, niliyeitoa,
Hafidha