Mgongo Wangu na Masikio ya Aganze

Jumanne, 14 Januari 2025

Leo hospitalini wamempima mtoto wangu masikio akiwa amelala! Sijui hata niandike vipi. Chumba kimya, mlango mzito kama wa benki. Wakambandika nyaya, moja kwenye paji la uso, nyingine nyuma ya masikio, na Aganze wangu anakoroma tu mapajani, maziwa bado mdomoni. Mashine inauliza ubongo: unasikia? Na ubongo unajibu wenyewe, mtoto hana habari! Mistari inapanda, inashuka. Mimi nimebana pumzi.

Mtaalamu wa masikio anaitwa Gurdip. Kilemba cha zambarau, sauti ya upole. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mama wa pwani nadhani, ananiita mwanangu. Alikuwa anatafsiri vizuri. Akasema: mwanangu, anasema mtoto hasikii maneno ya watu. Kelele kubwa sana, kidogo. Maneno, hapana. Masikio yote mawili.

Nikasema si kweli. Nikimwimbia ananyamaza! Tangu kambi ya wakimbizi, tangu amezaliwa. Nikiimba tu, kimya, analala.

Gurdip akauliza, unamwimbia akiwa wapi? Nikasema mgongoni, wapi tena. Akaniangalia. Akaweka kiganja kwenye kifua chake mwenyewe, akaguna mmmmm, akakipigapiga kiganja hapo.

Nilielewa kabla ya mkalimani kufungua mdomo. Aganze hakuwa ananisikia. Alikuwa ananihisi. Miezi yote hii ni mgongo wangu uliokuwa unamwimbia.

Nimelia kwenye basi mpaka nyumbani, Newtown. Lakini pia — Mungu wangu! Mgongo!


Jumatano, 15 Januari

Mume wangu Ignace ametoka kazini ghalani asubuhi, nikamwambia kabla hajavua viatu. Akaenda nyuma ya mtoto, akapiga makofi. Akachukua vifuniko viwili vya sufuria, akavigonganisha — jirani wa chini akagonga dari! Aganze anatazama hita ya ukutani tu, hakugeuka.

Basi, nikasema, acha baba.

Akauliza kama ni ile homa aliyougua kambini. Hakuna anayejua. Watampa mashine za kuvaa masikioni, bure kabisa. Halafu tutangoja kuona kama zinamfikishia maneno. Kama hazifikishi, watatuita tuongee habari ya upasuaji. Kichwani! Sitaki kufikiria.

Ninachotaka ni kimoja tu. Nimwite, ageuke.


Jumatatu, 3 Februari

Wamemjaza masikio udongo wa pinki! Laini kama unga uliokandwa. Unaingia, unaganda, unatoka — na hapo kwenye kiganja cha Gurdip kuna sikio la mtoto wangu kwa ndani. Vijinjia vyote, vikona vyote. Mimi nimemzaa na sikujua kuna vitu hivyo. Kwa huo udongo watatengeneza plastiki ya kumkaa yeye peke yake duniani.

Pale tunapongojea nilikuwa nambembeleza, nyamaza mwana, mama yuko. Bibi mmoja wa Kihindi, sari na sweta juu yake, akageuka mzima mzima.

"Wewe natoka wapi?"

Nikasema Kongo, Uvira.

"Mimi Kisumu! Kisumu kabisa! Jina Kamlesh. Hii toto zuri sana. Masikio bovu? Yangu pia bovu. Ona."

Akaitoa mashine yake sikioni, akanitia mkononi. Ilikuwa na joto la mwili wake. Akasema aliificha miaka mingi chini ya nywele. "Bure tu! Watu yote najua, mimi naongea kelele kama kuku nataga." Tukacheka mpaka mtu wa mapokezi akachungulia.

Nikamwonyesha karatasi ya kuchagua rangi ya mashine, nilikuwa nimeweka kidole kwenye ile kahawia, ifanane na ngozi. Akakipiga kidole changu! "Apana! Ikianguka kwa basi utaona wapi? Chukua rangi ya kupiga kelele."

Nimechukua ya machungwa.


Alhamisi, 20 Februari

Mashine zimewashwa leo.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliacha kunyonya. Macho makubwa, makubwa. Akatazama taa ya juu, kama vile kile kitu kimetoka kwenye mwanga. Gurdip akasema jina lake polepole. Aganze bado na taa. Halafu akalia — na alipolia akashtuka, akanyamaza, akalia tena kidogo tu, kama anajaribu. Amejisikia mwenyewe! Mtoto wangu amekutana na kilio chake.

Gurdip anasema kwa sasa ni sauti tupu. Maneno yatakuja au hayatakuja, ni mapema. Avae wakati wote akiwa macho. Na niongee naye lugha iliyo mdomoni mwangu, nisihangaike na Kiingereza. Hilo limenifurahisha sana, maana Kiingereza changu ni cha sokoni.

Njiani basi lilipiga breki kwa mlio mkali, akanishika shati kwa ngumi zote mbili.


Jumapili, 23 Februari

Aibu ya leo!

Kanisani nimembeba mgongoni kama kawaida, kitenge kimepanda mpaka kwenye masikio kwa sababu ya baridi. Kwaya imeanza. Mara — piiiiiiii! Mchungaji akaacha kuomba. Héritier wa vyombo vya sauti akarukia mashine yake, anazungusha vifundo, anazima maikrofoni moja moja. Piiiii! Anachomoa waya. Piiiii! Jasho linamtoka. Mpaka mama Marie-Claire, kiongozi wetu wa kwaya, akanifuata na sikio lake mbele.

"Ni huyu mutoto! Mutoto iko napiga filimbi!"

Kanisa zima likaanguka kwa kicheko. Hata mchungaji. Hata mimi. Nikaenda kumvua mashine chooni.

Baada ya ibada mama Marie-Claire akanivuta pembeni. Anatupenda, ndiye alituletea mablanketi tulipofika. "Mama Aganze, toa ile mavitu. Mutoto mudogo vile unamuvalisha simu? Tutamuombea. Na ku mugongo yako ametulia muzuri. Unatafuta nini ingine?"

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani.


Jumanne, 25 Februari

Nimempigia Gurdip, mkalimani katikati. Ameuliza mara mbili sikio linalalia wapi. Anasema hajawahi kuulizwa habari ya mtoto wa mgongoni! Anasema sikio likigandamizwa kwenye mgongo, sauti inatoka, inarudi ndani, inazunguka, inapiga filimbi. Mashine haijaharibika. Kumbeba sijakatazwa. Lakini mgongo na mashine haviendi pamoja. Nimbebe mbele, au nimsukume kwa kigari cha watoto.

Ignace ameazima kigari. Aganze amelia kutoka mlango wa lifti mpaka sokoni na kurudi. Mtu ananiangalia, kila mtu ananiangalia. Anataka mgongo. Mimi pia!


Ijumaa, 28 Februari

Nimeshindwa. Hajalala mchana tangu juzi. Nimemvua mashine, nimemtupia mgongoni, nimefunga. Akalaza shavu lake pale pale, chini ya shingo, mahali pake. Nikaimba. Nikasikia anavyolegea, mguu mmoja halafu mwingine.

Raha gani! Na moyo unanipiga kama wa mwizi.

Mashine ziko juu ya kabati.


Jumatatu, 3 Machi

Bado ziko juu ya kabati. Ignace ameziona leo. Nilijua atagomba, hakugomba. Alikaa na chai yake.

Akasema: "Na mimi?"

Nikasema wewe nini.

"Wewe uko na mugongo. Mimi sina. Narudi, analala ku mugongo yako, ananiangalia kama mugeni. Mimi nitamuita na nini?" Halafu akasema, na siku atakimbia barabarani, gari inakuja, mgongo wako utakuwa wapi, Francine?

Aliniita jina langu. Haniiti jina langu tangu tupate mtoto.

Nimepanda kiti, nimezishusha. Nimemvalisha Aganze; amelia, amezivua, amezitia mdomoni. Nimerudisha. Amevua. Nimerudisha. Kamlesh alisema kweli, ile rangi ya machungwa naiona hata chini ya kitanda.


Alhamisi, 6 Machi

Nguo hazikauki nyumba hii. Nimezitandaza kwenye hita zote, madirisha yanatoa jasho, Ignace anasema tutaota uyoga. Tukifungua dirisha ghorofa hii ya tisa, upepo unaingia kama una ufunguo. Nimeandika hayo tu kwa sababu mikono yangu iko huru! Aganze yuko sakafuni, mashine masikioni tangu ameamka, hajazivua. Ana kijiko na sufuria. Anapiga, anasimama, anasikiliza. Anapiga tena. Anakitazama kijiko kama kimemwambia siri. Tangu jana ni hivyo. Kichwa kinaniuma na sitaki aache.

Analala kifuani sasa. Vibaya, lakini analala. Mgongo wangu una baridi.

Ngoja, ni mlango. Ignace.

Nimemwonyesha kwa mkono: simama hapo hapo. Aganze amempa mgongo, anaangalia dirishani, anapiga sufuria yake. Kati yao ni zulia lote. Ignace hajavua viatu. Hajui aseme kwa nguvu au polepole, ananiuliza kwa macho. Nimemwambia kwa midomo tu, kawaida, mwite kawaida.

Amemwita. Aganze anapiga sufuria.

Amemwita tena.

Kijiko kimesimama hewani. Hajageuka. Lakini hakishuki, na sufuria imenyamaza, na Ignace anavuta pumzi amwite mara ya tatu.