Maporomoko Yasiyolowesha Mtu

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mama naye mzima, na lile goti lake limepunguza kulalamika. Mimi sijambo, ila vidole vyangu vinanuka vitunguu tangu Jumatatu hadi Jumapili. Ndiyo kazi ya mpishi wa lori la watalii: wenzangu wanakuja kuona maajabu ya dunia, mimi nakuja kuwapikia wakishayaona. Na usidhani ajabu inashibisha. Mtu akitoka kuitazama ana njaa kuliko mkata kuni.

Baba, leo nimeyaona maporomoko. Si maporomoko yoyote, ni yale yale ya kwenye kalenda uliyoitumia kuchora pazia la studio yako ya picha! Tukiwa bado mbali niliona moshi umesimama juu ya miti, nikadhani kuna shamba linaungua. Dereva akanicheka, akasema huo ndio mto wenyewe. Tulipozidi kukaribia, vijiko vikaanza kugongana ndani ya sanduku langu, na lori lilikuwa limesimama. Ardhi ndiyo iliyokuwa inatetemeka.

Sasa naomba nikusute kidogo. Maporomoko yako hayana moshi hata chembe! Na maji yako ni ya buluu, yamenyooka kama shuka zilizoanikwa. Haya ni ya rangi ya chai ya maziwa, maana mto umefurika, na hayanyooki, yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Kwako bwana arusi anasimama mbele ya maji na suti yake asipate hata tone. Mimi nilisimama mbali, kama urefu wa kiwanja cha mpira, nikarudi nimelowa mpaka soksi. Nimewaambia wenzangu kwamba baba yangu ndiye mwenye maporomoko pekee duniani yasiyolowesha mtu. Walicheka mpaka dereva akamwaga chai.

Nisalimie mama sana. Mwambie nakula vizuri, mpishi namjua.

Binti yako,
Mama Maswali

2 Machi

Kwa binti yangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Mimi na mama yako hatujambo. Goti lipo.

Nashukuru kwa kunijulisha habari za maporomoko. Pazia nimelishusha, nimelikunja, nimeliweka nyuma ya kabati. Mahali pake nimetundika kitambaa cheupe, na sasa napiga picha za paspoti tu. Paspoti haina makosa.

Juzi walikuja bwana na bibi arusi wakataka maporomoko. Nikawaambia yamekosewa. Bwana akauliza yamekosewa vipi, nikamsomea barua yako, ule ukurasa wa kwanza. Wakatazamana, kisha wakaenda kwa mwenzangu wa mtaa wa pili mwenye pazia la bustani. Sijui kama naye ana mtoto aliyeiona hiyo bustani.

Wasalimie wenzako waliocheka. Mwambie dereva pole kwa chai yake.

Baba yako

30 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, tena naomba uiitikie hii kwa moyo. Habari za hapo nyumbani? Mama anaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, lakini barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, na kote ilinichoma vilevile.

Ulimi hauna mfupa, baba, na kalamu yangu ndiyo haina kabisa. Nilikuwa na furaha nikaropoka. Nilitaka ucheke. Nilikuona kabisa ukicheka, umeweka brashi nyuma ya sikio, unamwita mama aje asikie. Sikufikiri kwamba utaisoma peke yako katika chumba chenye pazia lile lile. Nisamehe. Yaliyomwagika hayazoleki, najua, lakini nisamehe.

Nakuandikia nikiwa kwenye uwanda wa chumvi. Zamani lilikuwa ziwa, likakauka, ikabaki chumvi nyeupe hadi macho yanapoishia. Jana mvua ilinyesha kidogo, maji yakasimama juu yake kina cha ukucha, na mbingu yote ikawa chini. Mawingu juu, mawingu chini. Nilitoka na sufuria kwenda kumwaga maji ya wali, nikasita, niliona kama nitayamwaga angani. Hakuna kitu cha kushika kwa macho. Watalii wengine walikaa chini wakafumba macho kwa kizunguzungu.

Sasa sikiliza. Kampuni humpa kila mfanyakazi aliyetimiza miaka mitatu kiti kimoja cha ndugu, bure, safari yoyote. Mimi natimiza Juni. Mwezi wa Julai lori linarudi kwenye maporomoko, na kabla ya hapo litapita mji wenu. Njoo, baba. Njoo uyaone mwenyewe.

Binti yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijui kama mko salama, maana hujajibu. Karani wa ofisi yetu ameanza kunionea huruma, akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Tuko chini ya mto wa barafu. Ndiyo, mto, na unatembea, ila mwendo wake ni kama wa kobe aliyefiwa. Unasikia unapasuka ndani kwa ndani, pa! kama mlango uliobamizwa na mtu mwenye hasira, halafu kimya. Ndani ya nyufa rangi yake ni buluu, baba. Buluu ile ile yako. Nilipoiona nilisema kwa sauti, "Baba yangu anayo hii kwenye kopo," na safari hii hakuna aliyecheka.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Binti yako

25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Nimechelewa kujibu, na posta haina lawama. Nilianza barua nne nikazichana, mama yako akaziona kwenye takataka akasema mzee anayenuna asiharibu karatasi nzuri namna hii.

Nimekusamehe siku ile ile niliyokuandikia. Hilo ulitoe moyoni. Ila kuja, hapana.

Nikueleze kwa nini, na usimsomee dereva. Lile pazia limekaa ukutani miaka thelathini na moja. Nililichora kutoka kalenda iliyokuwa na doa la mafuta, na pale penye doa nikaweka jiwe. Mbele yake wameoana watu, wamebeba watoto wao, wamevaa majoho yao ya kuhitimu. Yuko mwashi mmoja, kila baada ya miaka miwili hunijia na picha yake na marehemu mkewe nimsafishie nyingine, ile imefifia. Mara ya mwisho aliitazama akaniambia, "Tulikuwa tumependeza kule." Alisema kule. Hawakwenda popote, mwanangu. Walikuwa chumbani kwangu, hatua kumi kutoka duka la misumari. Lakini yeye anakumbuka kule.

Wewe umeona kule kwenyewe, ukasema hakufanani. Nami nakuamini, macho hayana pazia. Sasa nikienda nikathibitisha kwamba umri wangu wote nimewauzia watu uongo wa rangi, nitarudi nishike brashi kwa mkono gani? Nitamtazamaje yule mwashi? Bora nisione. Nimebakiwa na miaka michache ya kazi, nitaimaliza kwa paspoti.

Mama yako amesimama nyuma yangu, anataka niandike maneno yake kama alivyoyasema: baba yako amekuwa kama kuku aliyenyeshewa, anazunguka nyumba nzima, ananipangia sufuria zangu kwa urefu. Njoo umchukue kabla sijamkunja nikamweka nyuma ya kabati na yeye.

Baba yako

16 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nawashukuru wote wawili kwa barua, na mama mwambie nimecheka peke yangu jikoni mpaka watu wakachungulia.

Sitabishana nawe kuhusu uongo na ukweli, utanishinda. Nataka kukuambia jambo moja ambalo sijawahi kukuambia. Unakumbuka nilivyokuwa nafanyia hesabu zangu za shule chini ya lile pazia? Siku moja ulinikuta nyuma yake, ukanichapa kwa kudhani nacheza na waya wa taa. Sikuwa nachezea waya. Nilikwenda kuangalia maji yanaelekea wapi yakishaanguka. Nilikuta ukuta na mjusi. Na baba, nilihuzunika, lakini sikuacha kutaka kujua. Watu huniuliza imekuwaje mtoto wa mpiga picha akajitia kwenye lori na kuzunguka dunia na masufuria. Nilikuwa nayafuata yale maji. Wewe ndiye uliyenituma, na sikukuambia kwa sababu nilidhani unajua. Siku ile nilipoyafikia nililia kwanza, ndipo nikaanza utani. Ningekuandikia kilio changu, tusingefika hapa.

Kiti chako nimekiandikisha. Lori litapita hapo tarehe kumi Julai, saa mbili asubuhi, mbele ya posta. Kuna habari mbaya moja: mimi sitakuwamo. Mpishi wa njia ya barafu amejifungua, nimehamishiwa huko mpaka Septemba. Nimelia na meneja, haikusaidia. Utakwenda na dereva yule yule wa chai. Anajua wewe ni nani, na ana aibu kuliko mimi.

Usipokuja sitauliza tena, na hatutalisema jambo hili maisha yetu. Nitaendelea kukuandikia habari za goti.

Binti yako,
Mama Maswali

29 Julai

Mama Maswali wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mama yako hajambo, mimi sijambo, goti tumelizoea.

Nimekwenda.

Siku mbili njiani. Huyo aliyeshika nafasi yako anaunguza wali, nimemwambia. Dereva wako ni mtu mwema, alinikalisha mbele, akakohoa kilomita nyingi akitafuta namna ya kuniomba radhi, mwisho nikamwonea huruma nikamuomba mimi chai. Tukafika asubuhi. Nilishuka wa mwisho. Naandika bila haya: niliogopa. Nilitembea nikitazama viatu vyangu mpaka kwenye kamba ya kuzuia watu. Kelele za maji nilizisikia tumboni kabla ya masikioni.

Nilipoinua kichwa, kwanza sikuona maji. Niliona watu, kama arobaini hivi, wote wamenielekea mimi. Wameyapa maji mgongo, wanashika nywele zao, wanapigwa picha. Mmoja akiondoka mwingine anaingia. Nilisimama pale nikihesabu kimoyomoyo. Aliyegeuka kuyatazama hakuyatazama zaidi ya muda wa kupenga kamasi. Nikajisemea, mbona hii ni studio yangu?

Kulikuwa na mama mmoja amekaza shingo kama anapimwa nguo. Mkono wangu ulijiendea wenyewe. Nikamwambia mama, shusha bega hilo, inua kidevu kidogo, usiichekee mashine, mchekee huyo utakayempelekea picha. Akalainika. Mwenzake akasema, "Na mimi." Basi nikapangiwa foleni, mwanangu, katikati ya moshi, saa nzima, nimelowa chepechepe, nawaweka watu sawa kama Jumamosi ya arusi. Walitoka nusu ya dunia kuja kuonekana wakiwa mahali pakubwa. Wateja wangu walitaka hilo hilo, hawakuwa na lori. Sikuwadanganya. Niliwapunguzia safari.

Lakini nawe ulisema kweli, pazia langu ni baya. Maji yale siyo shuka. Nilinuna kwa sababu ulifika kabla yangu, mtoto niliyemfundisha kuosha brashi. Ule ulikuwa wivu, nikauvika joho la heshima yangu. Nisamehe na mimi. Jumatatu nimelitandika sakafuni, nimeanza kulipaka upya kutoka juu. Mama yako anasema moshi umezidi, wateja watakohoa. Studio iko wazi.

Nimalizie la mwisho. Foleni ilipokwisha, dereva alichukua mashine yangu ya picha niliyokuja nayo, akaniita. "Mzee, njoo simama hapa. Geuka huku, nami nikupige." Nilimsikia. Lakini watu walikuwa wametawanyika, nami kwa mara ya kwanza nilikuwa nayatazama maji bila mtu yeyote mbele yake. Yanakuja, yanaanguka, na yanakuja tena, wala hayamngoji mtu akae vizuri. Nililia, nataka ujue hivyo. Akaita mara ya pili, "Mzee, geuka!" Miaka thelathini na moja nimewaambia watu wageuke, na wote waligeuka. Mimi nilishindwa. Nikamwambia apige hivyo hivyo, kisogo. Ndiyo hii ninayokutumia.

Baba yako