Rangi Niliyoimwaga Chooni Kwako

Baba,

Nakusalimu, kamwene. Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda chako. Mama hajakiondoa pale uani. Likizo imebaki wiki moja nirudi shuleni Iringa mjini. Kesho kuna mkutano wa kijiji, na mimi ndiye nitakayesema. Ndiyo, mimi. Najua ungecheka. Ulikuwa unasema siku nikiongea kwa sauti hata kuku watashtuka.

Tangu homa ya matumbo ikuchukue, majirani wawili wamelazwa. Watu wanasema chemchemi yetu haina kosa, maji yake unaona mpaka mchanga. Nami nilisema hivyohivyo darasani, kwa Kiingereza changu cha kutetemeka, mwalimu wa kemia akatikisa kichwa. Akatuonyesha unga wa rangi ya machungwa, unaitwa fluoresini. Chembe chache tu kwenye ndoo, maji yakawa kijani, yanawaka juani. Akasema ukiumwaga chooni na kijani kikatokea unapochota maji, umeshajua uchafu unapita wapi. Nilikaa mwezi mzima naogopa kumwomba. Nilipomwomba, akanifungia kidogo kwenye karatasi, akasema haumdhuru anayekunywa.

Baba, nisamehe. Nilianza na choo chako.

Unakumbuka redio iliposema kila nyumba iwe na choo? Ulichimba wa kwanza, pale juu ya chemchemi, kwa kuwa udongo wake haubomoki. Mimi nilishika kamba ya ndoo. Ukapiga kelele kutoka chini, "Nikiongeza futi moja natokea Ulaya!" Ulipopanda, miguu ilikuwa imelowa, matope mpaka magotini. Bwana Afya akakupa mkono mbele ya watu. Miguu ile, Baba. Tulicheka. Hatukuuliza maji yale ni ya wapi.

Niliumwaga unga, nikafuatisha ndoo tatu za maji, nikaomba Mungu kijani kisitokee. Siku ya tatu asubuhi nilichota kwenye chupa, nikaiinua juani. Kijani. Mama Neema, jirani yetu, alikuwa anagomba, "Nani kafulia kitenge kipya humu?" Nikaificha chupa ndani ya kanga. Siku mbili nzima nilimtazama Mama anachota, na mimi kimya, kwa sababu jina lako... Mdogo wangu Tumaini alipoanza kushika tumbo, ndipo nikasema.

Mama aliiangalia ile chupa, akaiangalia. Kisha akasema, "Baba yako alichimba kwa ajili ya watu. Angekuwa wa kwanza kulifukia shimo lile." Akatoa jembe lako darini, akaliegemeza mlangoni. Sasa tunachemsha maji yote ya kunywa, na Tumaini ameanza kula uji.

Kesho nitaiweka chupa juani waione. Nitasema shimo ni la baba yangu, na kamba nilishika mimi. Wakisema ninamtukana marehemu, sitakaa chini. Nitarudia kwa Kihehe, mpaka bibi zetu waelewe.

Pumzika, Baba. Nakuahidi jembe la kwanza la udongo nitatupa mimi. Choo kipya tutachimba kule chini, mbali na chemchemi. Na nikiona mchimbaji amelowa miguu, nitapiga kelele mpaka kuku washtuke.

Binti yako,
Upendo