Mikono ya Mama Kerubo Ilisimama

Mzee wangu,

Tumeshinda! Naanza na hili kwa sababu nakujua, ungeliuliza kabla hata ya kunisalimia. Jaji amesoma hukumu ya rufaa asubuhi hii kule Kisumu, nami nimerudi hadi Mosocho bila kula, nacheka peke yangu njia nzima kama mtu aliyerukwa na akili. Sasa nimekaa kwako, kwenye kile kiti kibovu ulichokataa kitengenezwe. Mama Kerubo wako yuko jikoni. Kaburi lako naliona kutoka dirishani, pale kwenye migomba.

Kinu cha kusaga unga cha Nyansiongo, kile ambacho shemeji yako Ombati na mwenzake Makori walikinunua Mzungu alipouza shamba akaondoka, ni chao wote wawili. Ndivyo alivyosema jaji. Makori hawezi tena kumfukuza Ombati kama kibarua.

Ulikufa na jambo hili kifuani, nalo liliniuma kuliko kifo chenyewe. Hakimu alipotuangusha pale Kisii, akisema hakuna karatasi ya ushirika na kwa hivyo Ombati alikuwa mfanyakazi tu, watu wa Keroka wakaanza: wakili amekula, Makori amemnunua, amemuuza hata ndugu wa mke wake. Wewe! Wewe uliyerudisha kuku wa mteja hadi Nyamira kwa sababu kesi yake ilikuwa haijasikizwa! Mama Kerubo akaacha kwenda soko la Keroka. Nawe ukakonda, hata malaria ilipokuja haikukuta mtu wa kupigana nayo. Niliwachukia watu wale, Mzee. Wengine bado sijawasamehe.

Unakumbuka sheria yako ya jikoni? Kesi yoyote, kabla ya kwenda kortini, ulimweleza Mama Kerubo kwa Ekegusii huku akichambua maharagwe. Kiingereza kilibaki mlangoni. Akiendelea kuchambua, hoja hiyo uliitupa. Mikono yake ikisimama, ulinigeukia: "Hiyo. Andika hiyo." Mimi wakili wako mdogo, na shahada yangu mpya, nilikuwa nikicheka kimoyomoyo. Miaka yote ile ya kusoma sheria Dar es Salaam, kumbe korti kubwa iko jikoni kwa Mzee!

Lakini kesi ya Ombati hukuipeleka jikoni. "Ni ndugu yake, itamnyima usingizi," ulisema. Ndiyo kesi pekee uliyomficha, na ndiyo iliyotushinda.

Baada ya mazishi nikaipeleka mimi. Nilimweleza sababu zangu za rufaa, na kusema kweli nilikuwa nimezipamba: ushirika wa mdomo, mwenendo wa washirika, majaji wamesema nini. Maharagwe yakazidi kwenda, mazuri huku, mabovu kule. Nikachoka, nikaanza kumsimulia tu ushahidi ulivyokwenda. Nikafika pale ulipomuuliza Makori ni nani hushika ufunguo wa kinu siku za ibada. Naye akajibu bila wasiwasi: yeye ni Mkatoliki, Ombati ni Msabato. Jumamosi kinu ni chake, Jumapili ni cha Ombati, na kila mmoja huenda nyumbani na mapato ya siku yake, ili kinu kisilale hata siku moja.

Mikono ikasimama.

Niliruka kitini! Mfanyakazi gani anayekwenda nyumbani na Jumapili nzima ya tajiri wake? Jibu ulikuwa umelipata wewe mwenyewe, kwa swali lako mwenyewe. Ila ulikuwa umechoka siku ile, ukalipita mbio, na hakimu naye akalipita.

Basi nikasimama mbele ya jaji na hilo moja tu. Nilivaa joho lako, ndiyo, linanifika visigino, na wakili wa Makori alitabasamu aliponiona. Nilipofika kwenye ufunguo, jaji akaweka kalamu chini. Nikajua. Na leo amelisoma swali lako neno kwa neno, akasema aliyeliuliza alikuwa ameimaliza kesi pale pale, ni korti ya chini tu haikusikia. Watu wa Keroka walikuwa wamejaa viti vya nyuma, Mzee. Walitazama viatu vyao. Mimi nilishusha pumzi ambayo naona nilikuwa nimeibana tangu siku tulipokuzika.

Lala sasa, Mzee wangu. Lala kabisa, jina lako ni safi. Joho nitalikata kidogo, usikasirike. Na nakuahidi, hakuna kesi itakayotoka ofisini kwetu kwenda kortini bila kupita jikoni hapa, hata ikiwa ya ndugu wa nani.

Mama Kerubo nilimwambia kabla ya kushika kalamu. Hakulia, wala hakupiga kigelegele. Aliweka ungo chini, akatia makaa kwenye pasi. Ananiita sasa. Maharagwe yaliyobaki nitayachambua mimi, yeye ananyoosha nguo ya kwendea soko Keroka kesho.

Mwanafunzi wako,
Osoro