Nilimtuma Maji, Sasa Anaitwa Mhujumu

Ndugu Mshauri, shikamoo. Nakuomba unipe njia, maana mimi fundi wa mitambo hapa Korogwe nimeshindwa hata kula, na mke wangu Chausiku anadhani naumwa.

Nafanya kazi kiwanda cha mkonge, na korona yetu, ile mashine kubwa inayokwangua majani yabaki singa, yaani nyuzi tupu, naijua mimi peke yangu, kwani Mgiriki aliyekuwa fundi mkuu aliondoka shamba lilipotaifishwa na hakumfundisha mtu, mimi niliiba ujuzi kwa kuchungulia dirishani, na tangu hapo korona ikigoma gari la meneja linakuja mpaka mlangoni kwangu, majirani wanaona, nami nikanogewa. Nikapewa msaidizi, shemeji yangu Kibwana, kaka yake Chausiku, mtu mzima mwenye familia, nikaambiwa nimfundishe, nikasema ndiyo, lakini kila tulipofika kwenye kufunga beringi mpya nilimtuma maji. Beringi, ile bangili ya chuma, haiingii kwenye shafti, mhimili unaozungusha mashine, mpaka uichemshe kwanza kwenye karai la mafuta itanuke kidogo, ndiyo siri yote, na kwa miaka minane Kibwana akirudi na ndoo anakuta beringi imeshakaa na karai nimeshalificha, naye ananisifu.

Mwaka juzi beringi ikaanza kulia, tukaagiza nyingine Ulaya, ikachukua miezi kumi na minne, mara fedha za kigeni hakuna, mara imekwama bandarini Tanga, na ilipofika, moja tu, mimi nilikuwa Kwashemshi kwenye msiba wa baba mdogo. Meneja hakutaka kusubiri, akamwamuru Kibwana aifunge, naye akaigonga kwa nyundo mpaka ikapasuka.

Sasa korona imesimama wiki ya tano, mkonge uliokatwa unaozea uani, akina mama wa kuanika singa wamerudishwa majumbani, na Kibwana anaitwa mhujumu. Mwisho wa mwezi kamati inaamua kama afukuzwe na apelekwe polisi, na mimi ndiye nitakayeulizwa kama alifundishwa. Yeye hajanitaja kwa ubaya hata mara moja. Kila jioni anakuja kukaa nami, ananiuliza, "Shemeji, hebu niambie, nilikosea wapi?" Nami namjibu nyundo ilikuwa nzito. Nikisema kweli mhujumu nitakuwa mimi, na Chausiku atanionaje? Nifanyeje?

Fundi mwenye aibu, Korogwe

JIBU

Ndugu Fundi, marahaba, na pole kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili machozi yalinitoka kwa ajili ya shemeji yako, si kwa ajili yako.

Siri gani hiyo ndugu yangu? Karai la mafuta! Kwa karai la mafuta kiwanda kizima kimelala njaa. Wewe unaujua uchungu wa kujifunza kazi kwa kuchungulia, halafu mwenzio ukamnyima hata dirisha. Najua uliogopa kwamba siku akijua, gari halitakuja tena mlangoni kwako. Woga huo nauelewa, wengi tunao. Lakini mtu amekubebea maji miaka minane, usimwache akubebee na kifungo.

Chausiku atakuona ulivyo, na itamuuma sana. Aisikie kwako kabla hajaisikia sokoni.

Kwenye kamati sema yote mwenyewe, bila kungoja kuulizwa. Aliyeagiza beringi moja badala ya mbili naye ana lake la kujibu, litaje, ila la kwako litangulie. Huenda ukapoteza cheo, siwezi kukudanganya. Kisha pita mashamba ya jirani uombe beringi hata iliyotumika, na ikipatikana, Kibwana aichemshe na kuifunga kwa mkono wake, na wenzenu wawili watatu wasimame waone. Ukisikia kiu, kachote maji mwenyewe.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Leo jioni shemeji yako akija, akakaa, akakuuliza tena alikosea wapi, usitaje nyundo.