Zamu Niliyomshikia Makame

Kwako kaka yangu Shomari, mkubwa wangu. Salamu zangu zikukute u mzima, wewe na mama na wote wa hapo kisiwani. Je, kifua cha mama kimepata nafuu? Na boriti mlizokata zimechukuliwa, au vita vimewafukuza wanunuzi? Mimi mwili wangu mzima, ila roho haipo mahali pake. Barua hii isome peke yako. Mama usimsomee, nakuomba.

Tangu vita hivi vya maji vianze, Kibiti imejaa majeruhi. Wanateremshwa kutoka milima ya Matumbi kwa machela, na sisi wahudumu wa hospitali ya kambi tu wanne tu. Zamu yangu ni ya usiku. Mchana natakiwa nilale, lakini nalala wapi? Kibanda chetu kiko ubavuni mwa uwanja wa askari: tarumbeta, amri, nzi, joto. Nikifumba macho naona vidonda. Usingizi unakuja usiku, na usiku ukisinzia ni viboko ishirini na tano. Mwenzetu mmoja hujipaka pilipili kwenye kope. Wiki ya kwanza tulimcheka. Wiki ya pili tukamwomba hiyo pilipili.

Makame ni mwenzetu wa zamu ya mchana, mtu mcheshi sana. Mkewe alijifungua huko Mtunda, na siku ya saba ilikuwa mtoto anyolewe nywele, apewe jina. Makame akaomba ruhusa, akanyimwa. Akanijia: "Saidi, ndugu yangu, nishikie zamu hii moja. Naondoka alfajiri, alasiri utaniona."

Nami nilikuwa nimekesha usiku wa sita mfululizo. Nikamwambia, "Nenda, baba mtoto. Mkila na mie nikumbukeni." Ningejua!

Asubuhi ile nilipita na ndoo na kata nikiwanywesha majeruhi. Nikafika kwa askari mmoja aliyeunguzwa na baruti, amelazwa pembeni peke yake, macho yake yamefungwa kitambaa. Hapo nikasinzia nimesimama. Wallahi kaka, nilijiona niko nyumbani, wewe una homa, na mama anakunyunyizia maji ya kombe, yaliyooshea aya za Kurani, kipajini na kifuani huku akisoma. Kumbe mikono inayonyunyiza ni yangu, na midomo inayosoma ni yangu. Nikazinduliwa na ukelele wa yule askari: "Hongo! Hongo yumo humu! Kanitia maji!"

Unajua uzito wa neno hilo siku hizi. Hongo ndiye anayewanyunyizia watu maji ya dawa ya vita, na akikamatwa hana kesi, ana kamba tu. Niliweka kata chini nikatokea mlango wa nyuma. Nikajibanza nyuma ya ukuta nikisikiliza. Shaushi, sajini msimamizi wetu, akaja mbio, akauliza zamu hii ya nani, akafungua buku la zamu. Jina lililoandikwa ni la Makame.

Alikamatwa njiani alasiri ile, ana kifurushi cha wali mkononi, fungu langu. Wakamuuliza alikuwa wapi, hakutaja Mtunda wala jina langu. Jana nilipopata nafasi ya kumpelekea chakula nilimwambia nakwenda kusema kweli.

"Nyamaza, bwana," akaninong'oneza. "Wakisikia twalibadilishana zamu watasema lilikuwa shauri letu. Wataninyonga mie, na wewe juu yangu."

"Na nikinyamaza?"

"Labda bwana mganga ataniamini."

Bwana mganga, daktari Mzungu mkuu wa hospitali yetu, yuko safarini, anarudi kesho, na shaushi anamngoja yeye.

Sasa nikuambie jambo ninaloona haya kuliandika. Tangu siku ile zamu ya usiku wanashika askari, sisi tunafungiwa kibandani. Na nimelala. Kaka, nimelala kama mtoto mchanga, usiku wa kwanza na wa pili, na mwenzangu yuko hatua chache kutoka hapo, amefungwa mikono kwa kosa langu. Leo nimeamka mwili mwepesi, nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ile. Naogopa kwamba nikinyamaza, na wao wakamnyonga, nitaendelea kulala hivi hivi.

Basi kesho nitasema. Nitasema ulikuwa usingizi, haikuwa dawa. Bwana mganga usingizi anaujua, nimemwona mwenyewe akisinzia kisu mkononi. Kama hilo litanifaa au halitanifaa, sijui.

Barua hii nampa mchukuzi wa chumvi anayeteremka huko leo. Nisalimie mama, na shemeji mkeo, na mjomba Athumani mkata mikoko, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aniombee dua bila kuuliza sababu.

Habari zangu zikikatika usije Kibiti, njia si salama. Nenda Mtunda, uulize nyumba ya Makame. Ukimkuta amekaa na mwanawe, ujue nilisema.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Saidi