Santuri ya Mjomba kwa Mwendo Wake

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Kiwanda cha Soda,
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu kwanza, lawama zinakuja nyuma yake. U hali gani? Goti lako limepatana na baridi ya huko, au bado mnagombana? Wifi yangu hajambo? Sisi huku tu wazima wa kadiri. Mgongo unaniuma upande mmoja, ule wa kubebea marobota ya vitambaa, na meno yaliyobaki yanatosha kutafunia.

Naandika kwa mkono kwa makusudi. Kwenye simu unasoma mstari wa kwanza, unanitumia dole gumba, basi. Barua haijibiwi kwa dole gumba.

Ahsante kwa nyimbo ulizompa binti yako aniletee. Nisikufiche, nilipofungua kile kifurushi nikakuta kidude cha kuchomeka kwenye redio na si kitu kingine, nilinuna. Nikasema, huyu ndiye Kaka yule yule: mama akiugua anatuma pole, paa likivuja anatuma pole, sasa anatuma kelele za vijana wa miaka ya sitini. Wewe uliondoka na sanduku moja, mimi nikabaki na nyumba nzima na waliomo. Kidude nikakitupa kwenye droo ya vifungo.

Kilichokitoa humo ni mpira. Redio ya karakana ilikuwa inatangaza mpira kutwa, mafundi wangu wakisikia goli wanaacha mkasi katikati ya kitambaa. Nikaona bora kelele zako.

Kaka, kumbe! Bendi mia moja na kumi na mbili, na sijawahi kusikia jina la hata moja. Uliniandikia kwamba hata kwao wengi hawakujulikana: vijana walijifungia gereji ya baba wa mmoja wao, wakarekodi santuri moja, mbili wakibahatika, kisha huyu akaenda kuuza matairi na yule akaoa. Gita linanguruma kama msumeno uliokutana na msumari. Mpiga ngoma anawatangulia wenzake kama aliyeacha sufuria jikoni. Mwimbaji analia utadhani kafungiwa nje na nguo zake zimo ndani. Ila zile za muziki wa bluzi ndizo zilizonikamata. Harmonika inalalamika, gita linaiitikia, na hakuna anayemharakisha mwenzake. Mafundi walinicheka mwanzoni, eti Mama Sofa amerudi ujanani. Sasa nikizima, wao ndio wanaonuna.

Na takriban zote hazifiki dakika tatu. Mimi hupima kila kitu, unanijua. Nilikuwa napima hivyo nilipomkumbuka Mjomba.

Bendi ya Spana hujaisahau. Mjomba na mafundi magari wenzake wanne, kazi ikiisha wanasukuma magari nje, wanapiga muziki pale pale kwenye sakafu ya oili. Santuri yao ni ile moja, ndogo, aliyomletea dada yake. Baba hakumpenda shemeji yake, alimwita muhuni wa grisi. Na wimbo wenyewe nyumbani kwetu ulikuwa kichekesho: mzito, mrefu, sauti inaburuzwa kama gunia la mkaa. Baba akambandika jina la Ng'ombe Mgonjwa, nalo likaganda. Asiyecheka alikuwa mama peke yake. Alikuwa akiuweka anapopiga pasi.

Basi nikaitoa santuri kwenye kabati la mama, nikaipeleka kwa fundi redio, jirani yangu wa karakana, mwenye gramafoni nzima. Nilitaka tu kumlinganisha Mjomba na hao vijana wako.

Fundi akaigeuzageuza. "Mama Sofa, hii ndogo. Inataka mizunguko arobaini na mitano kwa dakika."

Nikamwambia asinifundishe kitu nilichokua nacho, ya kwetu inakwenda thelathini na mitatu. Akaiweka nilivyotaka. Ng'ombe akaanza. Fundi akanitazama.

"Samahani, mama. Huyu anaimba au anang'olewa jino?"

Kisha akageuza swichi.

Kaka, nilikaa juu ya sponji la kochi la mteja. Ilitoka sauti ya kijana, nyembamba, kali, ina haraka na ina kicheko ndani yake. Gita linakata. Miguu yangu ilicheza bila ruhusa yangu. Katika zile mia na kumi na mbili zako, Kaka, na ninasema hili bila upendeleo wa damu, labda nne ndizo za kukaa naye benchi moja.

Utakuwa umeshaelewa. Gramafoni ya baba ilikuwa na kitufe cha mwendo kilichovunjika kabla hatujazaliwa. Santuri zake zote zilikuwa kubwa, za kwaya na hotuba, hazikuhitaji mwendo mwingine. Ya Mjomba ilikuwa ndogo peke yake nyumba nzima. Baba akaziba tundu lake pana kwa kipande cha kandambili, ikazunguka, tukaamini. Nimepiga hesabu: wimbo wa dakika mbili na sekunde ishirini, sisi tuliusikia kwa dakika tatu na sekunde tisa. Sekunde arobaini na tisa hazikuwa za Mjomba. Zilikuwa za mashine ya baba, lakini aliyechekwa ni yeye.

Sasa tuje kwako. Harusi ya shangazi, ulikuwa na miaka tisa. Ulipanda juu ya kiti na ufagio kifuani badala ya gita, ukaimba wimbo wa Mjomba. Watu walicheka mpaka bibi harusi akafuta machozi. Mimi nilikuwa mdogo, nimekaa karibu na mlango, ndiyo maana nilimwona. Mjomba alikuwa amesimama pale na zawadi yake mkononi. Aliiweka chini taratibu, akatoka. Baada ya hapo aliuza gita, na bendi isiyo na mwimbaji ikafa. Hakukanyaga kwetu tena mpaka tulipomzika mama, na siku hiyo pia hakupita geti.

Sikusemi kwa ubaya. Ulikuwa mtoto, uliiga ulichokisikia, na uliiga sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Umezunguka miaka yote hii kutafuta familia za vijana waliosahauliwa, unawaandikia wajane wao, unawauliza majina ya wapiga ngoma. Sindano unaitafuta kwa jirani, nawe umeichomeka kwenye kola yako.

Nilimwendea Mjomba. Anakaa chumba cha uani kwa mwanawe, kifua kimemchakaa, hatembei bila kushika ukuta. Aliponiona na gramafoni ya kuazima, alisema, "Umebeba nini? Umekuja nicheke au unicheke?"

Nikauweka wimbo kwa mwendo wake.

Alisikiliza huku kidole gumba kinagonga juu ya blanketi. Ulipoisha akasema, "Mpiga ngoma alikosea pale mwishoni. Nilimwambia siku ile ile, mbishi."

Ndipo nikamweleza habari ya kitufe. Mimi niliyezoea kubishana na wauza mbao nilikosa pa kutazama.

"Na dada?" akauliza.

Nikamwambia kweli. Mama hakuwahi kuusikia kwa namna nyingine.

"Alikuwa anasemaje?"

"Hakuwa anasema kitu, Mjomba. Alikuwa akiupigia pasi. Ukiisha anaurudia."

"Hivyo hivyo, wa kuburuzika?"

"Hivyo hivyo."

Akaniomba niuweke kama dada yake alivyousikia. Nikageuza swichi. Alikaa nao wote, dakika tatu na sekunde tisa, sauti yake mwenyewe inanguruma chumbani kama lori mlimani, na hakuna aliyecheka. Kisha akasema, "Nilidhani na yeye alinicheka. Ningekuja tu kumuuliza."

Hakuna hesabu ninayoijua ya kulipunguza hilo neno.

Nilimfikishia pia lile ombi uliloniandikia, kwamba rafiki zako wanatafuta nyimbo za bendi zisizojulikana wazitoe upya, nikamuuliza kama wautoe na wake. Jibu lake nakuandikia kama alivyolisema: "Yule wa kwenye kiti aje mwenyewe. Apande tena, aniigize kwa mwendo wa kweli, nione kama pumzi anayo. Hao rafiki zake tutawazungumzia baadaye." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile sikukipenda. Daktari amemwambia mwanawe wasimpangie mambo ya mwakani.

Kwa hiyo safari hii usitume pole. Njoo. Kiti nitakutengenezea mimi, cha mbao ngumu, miguu minene, maana wa miaka tisa hakuwa na kitambi hicho.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kitambaa cha mapazia nimemwekea. Msalimie binti yako, na yule mjukuu anayegonga masufuria, asikatazwe. Mungu akulinde njiani na amwachie Mjomba pumzi ya kukungoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekununia,

Mama Sofa